Ukanda wa Maili Kumi: mpaka uliozikwa siku ya uhuru wa Kenya

Januari 1964, siku chache baada ya mapinduzi ya Unguja, Sultani Jamshid bin Abdullah alifika Mombasa ndani ya merikebu yake, Seyyid Khalifa, akaomba ruhusa ya kushuka. Serikali ya Kenya ikamkatalia. Merikebu ikaelekea Dar es Salaam, na kutoka huko akapandishwa ndege kwenda Uingereza.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya mfalme aliyepinduliwa, basi. Ila hebu tazama tarehe. Mapinduzi yalitokea Januari 12. Hadi Desemba 12 iliyotangulia, mwezi mmoja kamili nyuma, Mombasa yenyewe ilikuwa kisheria sehemu ya milki ya Sultani huyo huyo. Bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Fort Jesus miaka yote ya ukoloni, na kila mwaka serikali ya Nairobi ilipeleka Unguja kodi ya pango. Alikataliwa kushuka bandari ambayo mwezi mmoja kabla alikuwa mwenye nyumba wake.

Kati ya kodi ile na katazo lile ndipo mpaka ulipofia. Wakenya wanauita Ukanda wa Maili Kumi, na wazee wa pwani walizoea kuuita Mwambao. Leo hauna kigingi, hauna kizuizi cha barabarani, hauna mchoro kwenye ramani ya shule. Nimeuchagua kwa sababu vitabu vya jiografia hupanga mipaka ya kisiasa kama bidhaa dukani: huu wa asili, unafuata mto au mgongo wa mlima, huu wa kijiometria, umepigwa kwa rula, ule ulitangulia watu, ule ulikuja baada ya watu, na mwingine ulilazimishwa juu ya watu. Mwisho wa orodha, mara nyingi kwa mistari miwili tu, hutajwa mpaka mfu, ule usiofanya kazi tena lakini umeacha alama. Ukanda huu umepita aina kadhaa za hizo. Ulizaliwa wa kijiometria, ukalazimishwa juu ya watu, sasa ni mfu. Hata hivyo aina ya mstari haielezi kwa nini bado unagombaniwa. Kinachoeleza ni haki iliyokuwa imelala chini ya mstari: nani aliuza, nani alipangisha, nani alinyang'anywa.

"Unaishia wapi?"

Mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wameanza kudai nchi za bara, wakiwa na karatasi za mikataba za Mjerumani Carl Peters kutoka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Sultani Barghash bin Said alipinga: nchi hizo ni zangu. Manowari za Kijerumani zikaja kutia nanga mbele ya kasri lake mwezi wa Agosti.

Dai la Barghash halikuwa porojo, ila lilikuwa la namna nyingine. Kila mtu anaujua ule msemo wa zumari kupigwa Unguja na watu wa bara wakacheza. Huo ni usemi wa mamlaka yasiyo na ukingo. Sultani alikuwa na forodha bandarini, liwali hapa, akida pale, askari wachache kwenye vituo, na watu wake Tabora na Ujiji waliokuwa wakitambua jina lake pale lilipowafaa. Mamlaka yalikuwa mazito pwani, yakazidi kuwa mepesi kadiri njia ya msafara ilivyokwenda mbali. Ukimuuliza mtu wa dola ya namna hiyo "nchi yako inaishia wapi?", umemuuliza swali la lugha nyingine. Mzungu wa 1885 alilitaka jibu kwa maili.

Tume ya watu watatu ikaundwa: Mwingereza, ambaye alikuwa Kitchener yule yule aliyekuja kupata jina Sudan baadaye, Mjerumani na Mfaransa. Wakapita bandari kwa bandari wakitafuta kasha za ushuru na askari wa Sultani. Walipokuwapo, hapo ni pake. Wasipokuwapo, hapo ni nchi tupu ya kugawanywa. Matokeo yaliingia katika makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwishoni mwa 1886: Sultani abaki na visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, abaki na pwani kuanzia mto Minengani, kwenye ghuba ya Tunghi kusini, mpaka Kipini kaskazini, kwa kina cha maili kumi kuingia bara. Kaskazini ya hapo alipewa miji, kila mmoja na duara lake. Kismayu, Barawa, Merka na Mogadishu zilipata duara la maili kumi. Warsheikh ikapata tano. Nchi ya watu ikapimwa kwa bikari.

Maili kumi hizo zilihesabiwa kutoka alama ya maji kujaa. Mvuvi yeyote wa Mtwapa angeweza kuwauliza wale mabwana: maji kujaa ya bamvua, au ya maji mafu? Na pwani yenyewe haijanyooka. Kuna hori la Tudor, la Port Reitz, la Kilifi, la Mida, kuna mikoko ya Lamu isiyojulikana ni nchi kavu au ni bahari. Mstari uliopaswa kufuata pwani yenye meno kama ya msumeno hauwezi kuwa mnyoofu, na hauwezi kuonekana na anayelima juu yake. Hata maili yenyewe ina utata: ya nchi kavu hutoa kilomita 16, ya baharini hutoa 18 na nusu. Maandishi mengi ya leo huandika 16 na kupita.

Waliouona mstari kwa maumivu ni Wamijikenda. Wadigo wengi walijikuta ndani. Wagiriama wakawa na ndugu ndani na ndugu nje. Hakuna aliyewauliza kuhusu kaya zao, malisho yao wala njia zao za kwenda sokoni. Kwa lugha ya darasani, huu ni mpaka wa kulazimishwa. Kwa lugha ya kijijini, haukuwapo mpaka siku ulipotajwa na karani wa ardhi.

Makubaliano hayo hayo yalichora mstari wa pili, kutoka mlango wa mto Umba karibu na Vanga, kwenda ziwa Jipe, ukauzunguka mguu wa kaskazini wa Kilimanjaro, mpaka ziwa Viktoria kwenye latitudo ya digrii 1 kusini. Huo ulitenga eneo la Waingereza na la Wajerumani. Mistari miwili, karatasi moja, ikikutana pembeni mwa Vanga. Wa pili leo una pasipoti na foleni ya malori Lunga Lunga na Horohoro. Wa kwanza hauna hata jiwe.

Kitambaa kimoja, vipande vinne

Sehemu hii ndiyo inayonivuta zaidi, na naona husahaulika kwa sababu kila nchi husimulia historia yake peke yake.

Ukanda wa Barghash ulikuwa mmoja, kutoka Msumbiji ya leo mpaka Somalia ya leo. Ulikatwa vipande, na kila kipande kikaachana na Sultani kwa njia yake.

Kusini, ghuba ya Tunghi, Wareno hawakungoja wino ukauke. Waliichukua kwa nguvu mapema 1887. Wajerumani nao wakaja kuchukua Kionga mwaka 1894, na baada ya vita vikuu vya kwanza eneo hilo likapewa Ureno. Leo ni Msumbiji, na hakuna anayezungumzia Sultani.

Pwani ya Tanganyika, kampuni ya Kijerumani ilianza kwa kupangisha. Mwaka 1888 Sultani Khalifa aliipa haki ya kuendesha forodha na utawala kwa miaka 50. Ilipokuja kupandisha bendera yake Agosti ya mwaka huo, Pangani ikawaka, na vita vya Abushiri bin Salim vikaenea pwani. Bwana Heri akapigana Saadani. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Baada ya damu hiyo Berlin haikutaka tena upangaji. Kwa mkataba wa Heligoland wa Julai 1890 Uingereza ilikubali kumshinikiza Sultani auze, naye Ali bin Said akauza pwani pamoja na Mafia kwa maki milioni 4.

Kaskazini kabisa, bandari za Benadir, pwani ya Somalia ya leo, zilikodishwa kwa Italia mwaka 1892, kisha zikanunuliwa moja kwa moja mwaka 1905 kwa pauni 144,000.

Kipande cha nne, kutoka Umba mpaka Kipini pamoja na Lamu na Kismayu, kilikwenda kwa Waingereza, na wao hawakununua. Walipanga. Kwanza ilipanga kampuni ya Kiingereza ya Mackinnon, mwaka 1887. Kampuni ilipofilisika, serikali ya London ikaichukulia nafasi, na tarehe 14 Desemba 1895 Sultani Hamed bin Thuwaini akatia sahihi mkataba na Arthur Hardinge, mwakilishi wa Uingereza: utawala kwa Mwingereza, milki kwa Sultani, na malipo ya pauni 17,000 kwa mwaka.

Hesabu ya pauni hizo 17,000 inastahili kusimama nayo kidogo. Kodi ya pango ilikuwa 11,000. Pauni 6,000 zilizobaki zilikuwa riba ya asilimia 3 juu ya pauni 200,000. Laki mbili hizo zilitoka wapi? Zilikuwa fedha za Zanzibar zenyewe, zile zilizolipwa na Wajerumani kwa kununua pwani ya Tanganyika, na Waingereza walizitumia kuilipa kampuni iachie haki zake za upangaji. Kwa maneno ya mtaani: mwenye nyumba alitolewa fedha zake mfukoni kumlipa mpangaji wa zamani ahame, mpangaji mpya akaingia, kisha akawa anamlipa riba ndogo juu ya fedha hizo na kuiita sehemu ya kodi.

Sasa linganisha. Hujawahi kusikia kijana wa Tanga akiandika ukutani kwamba Tanga si Tanzania kwa hoja ya mkataba wa Sultani. Bagamoyo, Kilwa na Lindi zilikuwa ndani ya ukanda ule ule, zikachorwa na tume ile ile, maili zile zile kumi. Kwa upande wa Tanganyika haki ya Sultani ilinunuliwa ikaisha mwaka 1890, na mstari wa maili kumi ukakosa kazi. Kwa upande wa Kenya haki hiyo iliwekwa hai kwa karatasi mpaka 1963. Mstari wa bara na pwani ukaendelea kuwa na maana mbele ya hakimu, karani na mwanasiasa. Wapo wanaosema pwani ya Kenya ina malalamiko zaidi kwa sababu ya ubaguzi wa serikali za Nairobi, na sibishi kwamba ubaguzi ulikuwapo. Lakini Lindi na Mtwara nazo zina malalamiko yao ya muda mrefu, na hayajavaa vazi la mkataba wa 1895. Malalamiko ya pwani ya Kenya yalipata vazi hilo kwa sababu lilikuwa limetundikwa pale, tayari.

Nchi mbili ndani ya jina moja

Mpangaji alianza kwa vita. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, ambaye jamaa zake waliitawala Mombasa kabla ya Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Unguja, hakukubali kupangishwa kama godauni. Alipigana 1895 na 1896, aliposhindwa akavuka mpaka kwenda upande wa Wajerumani. Mstari wa Umba, uliochorwa kutenganisha Wazungu, ukawa kimbilio la mtu wa pwani.

Kisha ikaja reli, iliyoanza Mombasa 1896 na kufika ziwani 1901. Kuanzia hapo bandari ya Kilindini ikawa mlango wa Kenya na Uganda zote mbili, na mlango huo uko kwenye ardhi ya kupanga.

Mwaka 1920 London iliamua kuigeuza nchi ya bara kuwa koloni kamili la mfalme wa Uingereza, miongoni mwa sababu ikiwa urahisi wa kukopa fedha. Ikagonga mwamba pwani: huwezi kutwaa kuwa mali yako kitu unachokilipia kodi. Jina rasmi likawa refu, Koloni na Himaya ya Kenya, na lile neno "na" lilikuwa ndilo mpaka wetu. Koloni ilikuwa bara. Himaya ilikuwa ukanda. Gavana mmoja, stempu moja, reli moja, lakini ardhi za aina mbili. Aliyezaliwa Nairobi alizaliwa kwenye ardhi ya mfalme. Aliyezaliwa Mombasa alizaliwa kwenye ardhi ya Sultani iliyo chini ya ulinzi.

Tofauti hiyo ilionekana kwa macho. Bara kulikuwa na mkuu wa wilaya na machifu. Ndani ya ukanda, pembeni mwa mkuu wa wilaya, walikaa liwali, mudiri aliye chini yake na kadhi. Liwali wa Mombasa kama Ali bin Salim, na baadaye Mbarak Ali Hinawy, walikuwa watu wa heshima kubwa, wenye vyeo vya Kiingereza na kanzu za Kiarabu, lakini mshahara ulitoka kwa gavana. Wanasayansi ya siasa huita hali hii mamlaka yaliyogawanyika. Mwenye milki hatawali, anayetawala si mwenye milki, na anayeishi hapo si huyu wala yule.

Lakini jambo lililokuja kuuma kuliko bendera na vyeo ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilihusu pwani. Iliwataka watu wapeleke madai yao mbele ya msajili wapewe hati ya milki ya kudumu. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Waliojua kuandika, waliokuwa na mashahidi na mawakili, wengi wao Waarabu na baadhi ya Waswahili wa mjini, walipata hati. Wamijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na ya kaya, hawakuwa na cha kumwonyesha msajili, na serikali ilikuwa ikiwaona kama watu wa kutengewa akiba yao huko nyuma. Bara hali haikuwa njema, maana huko walowezi wa Kizungu walikuwa wakipewa nyanda za juu. Ila pwani hati zilijengwa juu ya haki za raia wa Sultani, na hati za namna hiyo hazifi mkoloni anapoondoka.

Kismayu iliondoka kwenye kitambaa wakati huu, karibu kimyakimya. Uingereza iliipa Italia Jubaland, ambamo Kismayu ilikuwamo, mwaka 1925, malipo ya ahadi za vita. Mali ya Sultani ikatolewa zawadi na mpangaji.

Miaka miwili ya kuamua

Uhuru ulipokaribia, swali lililolala tangu 1895 likaamka. Mpangaji akiondoka, nyumba inarudi kwa nani?

Baadhi ya Waarabu na Waswahili wa mjini walitaka Mwambao ujitawale, au ubaki na uhusiano na Unguja. Waliogopa kumezwa na bara, na walikuwa na karatasi mkononi. Wamijikenda wengi walipinga vikali: kwao Mwambao huru ulimaanisha wenye hati kutawala wasio na hati. Wafanyakazi wa bandari waliotoka bara hawakutaka kuwa wageni Kilindini. Chama cha KANU kilitaka Kenya moja yenye serikali kuu yenye nguvu. Chama cha KADU, ambacho Ronald Ngala wa Kilifi alikuwa mkuu wake, kilitaka majimbo. Mtu akikuambia kwamba "watu wa pwani" walitaka kitu kimoja mwaka 1961, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Uingereza ilimtuma Sir James Robertson, aliyewahi kuwa gavana mkuu wa Nigeria. Alizunguka pwani mwishoni mwa 1961, akapokea ujumbe baada ya ujumbe, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru, pamoja na dhamana kwa wakazi wake. Hoja iliyobeba uzito ilikuwa ya kijiografia kabisa: mlango wa nchi hauwezi kuwa wa mwingine. Sioni nchi yoyote ya bara ingekubali tofauti, na ingawa walioshindwa waliumia, jibu la Robertson lilikuwa sahihi. Kosa nitakalolitaja baadaye liko kwenye dhamana.

Katiba ya 1963 ilileta ujanja mwingine wa kupanga nchi, ambao sisikii ukitajwa sana. Jimbo la Pwani halikuchorwa kufuata maili kumi. Lilichorwa kubwa zaidi, likajumuisha Taita na nchi ya mto Tana mpaka ndani. Mwambao ukayeyushwa ndani ya chombo kikubwa kuliko wenyewe, kama chumvi kwenye sufuria. Wenye hati wa mjini wakawa wachache ndani ya jimbo lao wenyewe. Majimbo hayakudumu. Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964 yalikuwa yamevunjwa, na jimbo likabaki mkoa wa kawaida. Ila mchoro ulibaki. Hata kaunti za katiba ya 2010 zimeupita mstari wa zamani kana kwamba haukuwahi kuwapo: Kwale inaanzia ufukwe wa Diani ikaingia mpaka Kinango, Kilifi inaanzia Malindi na Watamu ikaenda hadi Ganze. Hakuna mpaka hata mmoja wa kaunti unaofuata maili kumi.

Mwisho wenyewe ulitiwa sahihi London, Oktoba 1963. Tarehe 5, Jomo Kenyatta, waziri mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua. Kenyatta aliahidi uhuru wa dini, kuendelea kwa mahakama za kadhi, nafasi ya watawala Waislamu katika maeneo yenye Waislamu wengi, masomo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na kutambuliwa daima kwa hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Tarehe 8 ukafuata mkataba: siku Kenya itakapokuwa huru, ukanda utakoma kuwa milki ya Sultani na utakuwa sehemu ya Kenya.

Utaalamu wa wakati uliotumika hapo ni wa kuvutia. Mpaka haukufutwa mwezi mmoja kabla wala mwaka mmoja baada ya uhuru. Ulifutwa saa ile ile. Mwezi wa Julai 1964, huko Cairo, nchi za Afrika zilikubaliana kuheshimu mipaka kama ilivyokuwa siku ya uhuru wa kila nchi. Siku hiyo, kwa Kenya, ilikuwa Desemba 12, 1963, na siku hiyo Mwambao ulikuwa umekwisha kuwa Kenya. Kama Sultani angebaki mwenye nyumba hata wiki moja zaidi, Januari ingewakuta wanasheria na swali gumu: mali ya Sultani aliyepinduliwa inarithiwa na nani, Kenya au serikali ya mapinduzi ya Unguja?

Mpaka mfu unavyotembea

Mwaka 2012 nchi nzima ilikuwa ikisikia kauli ya "Pwani si Kenya", ya kundi la Mombasa Republican Council. Serikali ilikuwa imelipiga marufuku, na Julai mwaka huo Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo. Ndani ya hoja zao kulikuwa na mkataba wa ukanda. Vijiweni nilisikia zaidi ya mara moja kwamba pwani ilikodishwa kwa Kenya kwa miaka 50 na muda ungeisha 2013. Mkataba wa 1963 ni mfupi, na hauna muda wa kodi ndani yake. Ni makabidhiano, si upangaji. Ile miaka 50 ilikuwamo kwenye mikataba ya makampuni ya miaka ya 1880, na huenda ilisafiri vinywani kwa vizazi mpaka ikakaa mahali pasipo pake. Uvumi wa namna hii haupati mizizi pasipo udongo, na udongo wake ni lile neno "kupanga" lililokaa kwenye sheria za pwani kwa miaka 68.

Hata hivyo kijana anayesema hana ardhi Kilifi hasemi uvumi. Dhamana ya hati katika barua za 1963 ilikusudiwa kuwatuliza wachache waliokuwa na hofu. Ikawafungia nje wengi. Hati za 1908 zilivuka uhuru zikiwa nzima, na waliokuwa wakilima juu ya mashamba hayo, baba kwa mwana, wakaitwa maskwota kwenye nchi ya babu zao. Mwenye hati anaweza kuwa mbali sana na shamba lake, hata nje ya nchi, na karatasi yake ikasimama. Serikali zilizofuata zilinunua baadhi ya mashamba na kugawa baadhi, nyingine ziligawiana wenyewe. Hapa ndipo naona kosa: walifuta mpaka wa dola wakaacha mpaka wa msajili wa ardhi, tena wakaupa kinga ya mkataba. Mstari wa kwanza ulikuwa na bendera tu. Wa pili una wakili.

Mahakama za kadhi zimekwenda njia nyingine kabisa. Katiba ya zamani, kifungu cha 66, iliziweka kwa ajili ya "iliyokuwa Himaya", na ikasema hakuna sehemu ya iliyokuwa Himaya itakayokosa mahakama ya kadhi. Maana yake, nchi huru ilikuwa bado inalazimika kujua maili kumi zilikuwa wapi. Kisha sheria ya 1967 ikaruhusu makadhi wakae hata nje ya ukanda, na Mwislamu wa Garissa au wa Nairobi akapata kilichokuwa cha Mwislamu wa Lamu. Mwaka 2010, kabla ya kura ya katiba, makadhi wakawa ugomvi wa nchi nzima. Makanisa mengi yaliwapinga, na wengi waliobishana redioni hawakujua kwamba wanabishana juu ya kodi ya pauni 17,000.

Katiba mpya ilipita Agosti 4 ikaanza kutumika Agosti 27. Kifungu cha 170 kinawataja kadhi mkuu na makadhi wengine, na kazi yao juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu waliokubali kwenda mbele yao. Neno Himaya halimo. Kifungu cha 5 kinasema Kenya ni ardhi na maji yaliyokuwa Kenya siku ile katiba ilipoanza kazi, bila kutaja maili yoyote wala maji ya kujaa.